Bafle za Ng'ombe na za Kwaya

Sebahire alipokuwa kijana alichunga ng'ombe katika vilima vya Masisi, na mpaka leo ukimwuliza kazi yake atakwambia yeye ni mchungaji, ingawa hana hata ndama. Vita viliwachukua ng'ombe wake wote, pamoja na zizi. Siku hizi anauza fromaji, zile jibini za duara zinazoteremka kutoka kulekule Masisi. Anaishi Goma, mtaa wa Mabanga, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano, kama nyumba nyingi za mtaa ule. Ni mtu mrefu, mpole na mbishi. Mke wake, Mukamugema, anashona nguo na anaimba alto katika kwaya ya kanisa lao. Yeye si mbishi. Yeye huwa tu hakubali.

Watoto wao wakubwa, wanaofanya kazi Kampala, walichanga wakawaletea televizyo pana kama mlango. Picha ilikuwa safi ajabu. Sauti ilikuwa ya nzi ndani ya chupa.

Jambo hilo lilimuumiza Sebahire kwa sababu alikuwa na filamu yake moja. Ilikuwa filamu ndefu ya wachungaji wa nchi fulani ya milima, mbali huko, wanaosema lugha asiyoijua hata neno. Ndani yake hakuna wanaopendana na hakuna anayekufa. Ng'ombe wanapanda mlima, mvua inanyesha, ng'ombe wanashuka, basi. Aliirudia kila alipopata nafasi. Halafu mtu aliyemuuzia filamu hiyo akamwambia kwamba wenye bafle nzuri, yaani spika, huweka nyingine nyuma ya kiti, na hapo ng'ombe anaweza kulia nyuma ya kisogo chako kana kwamba yumo nyumbani. Neno hilo lilimwingia Sebahire na halikutoka.

Mukamugema naye alikuwa na lake. Kwaya yao ilikuwa imerekodi nyimbo studio, na tangu siku ile alikuwa akizibeba katika kifunguo kidogo cha USB alichokifunga kwenye pindo la kitenge. Alitaka kujisikia akiimba.

"Nunua kitu cha muziki," alimwambia mume wake.

"Nitanunua kitu kimoja cha muziki na cha filamu."

"Papa, hicho ni kama kiatu kimoja cha watu wawili."

Sebahire alikwenda peke yake. Kule Birere kuna muuzaji anayeitwa Buhendwa, mtu wa Bukavu, mwenye mdomo mtamu na duka lililojaa bafle mpaka dari. Alimwonyesha sanduku zuri: bafle tano ndogo kama vikombe, na sabufa moja yenye taa za buluu zinazocheza zenyewe. Juu ya sanduku palikuwa na namba kubwa ya nguvu, ndefu kama namba ya simu. Sebahire akaitazama namba, akazitazama taa, akakubali.

Jumapili baada ya misa walifungua. Mukamugema alivuta kiti, akakunja mikono, wimbo wa kwanza ukaanza. Akasikiliza. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Mimi niko wapi?"

"Si uko hapa?"

"Ndani ya wimbo, Papa. Masoprano niko nawasikia, wanalia kama ndege. Mabesi niko nawasikia, wananguruma chini ya kitanda. Maalto tumekwenda wapi?"

Sebahire aliweka sikio kwenye bafle moja baada ya nyingine, kama daktari. Kweli, zile ndogo zilitoa sauti za juu tu. Sabufa ilitoa za chini tu. Kilichokuwa katikati, yaani mke wake pamoja na mama wenzake wote wa alto, kilikuwa kimeanguka shimoni.

"Pengine ni wimbo," alisema.

Mukamugema alichomoa kifunguo chake. Kisha akaenda nyuma kupika.

Sebahire, ili asikae na aibu, akaweka filamu yake. Akafika pale kundi zima linaposhuka mlima kwa mbio, mamia ya kwato, na akakizungusha kitufe cha sabufa mpaka mwisho. Hapo alipata kitu. Sakafu ya mbao ilianza kutetemeka, ikafuata kuta, ikafuata mabati. Alifurahi mpaka akasimama.

Ng'ambo ya ukuta anaishi Kahambu, mjane anayeuza maharage ya kutoka Kiwanja. Kati ya nyumba zao kuna ukuta mmoja tu wa mbao. Kahambu alikuwa anakunywa chai. Aliona kikombe kinatembea juu ya meza. Aliona sufuria zinagongana zenyewe ukutani. Mtu wa Goma akiona hivyo haulizi swali. Alinyanyua godoro, akatoka nje akipiga kelele:

"Mulima! Mulima!"

Mtaa mzima ukatoka. Mmoja alibeba redio, mwingine kuku, mwingine alibeba mto tu. Wote waligeuka upande wa Kibati, uliko mlima wa volkano, kutazama kama moshi wake umebadilika rangi. Na Sebahire, aliposikia watu wanapiga kelele za volkano, naye alikimbia nje pamoja nao, telekomande ya televizyo mkononi, akatazama mlima kwa hofu kubwa kuliko wote.

Mlima ulikuwa umetulia kabisa. Ardhi ikaendelea kunguruma.

Mukamugema akatokea mlangoni na mwiko wake. "Papa, zima filamu yako."

Sebahire alibonyeza kitufe. Tetemeko likakoma palepale. Watu wote wakaitazama ile telekomande. Kahambu, godoro likiwa bado kichwani, ndiye aliyesema:

"Kumbe weye njo volkano, ndiwe unayenguruma?"

Walicheka mpaka mwenye kuku akamwachilia kuku wake. Tangu siku ile hakuna anayemwita Sebahire pale mtaani. Anaitwa Papa Volkano, na wateja wa fromaji wanamwita hivyohivyo.

Lakini Kahambu hakucheka mpaka mwisho. Asubuhi aliwakuta wanalipakia lile sanduku kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ili walirudishe, akafunga duka lake. "Na mimi nakwenda," alisema. "Ukuta ni wa watu wawili."

Buhendwa alipowaona wanakuja watatu alijua neno limeharibika. Akawapokea kwa "Karibu Muzee, karibuni wamama," akavuta viti, na kabla hawajamaliza kueleza akaweka filamu yake ya kuvutia wateja. Bunduki zikalia dukani. Mpita njia mmoja mlangoni akachutama, mikono kichwani.

"Zima," alisema Mukamugema. "Ile sauti tunaijua bila ampli wala bafle."

Buhendwa alizima, akaomba radhi, na akamaanisha. Kisha akawapeleka kwenye bafle mbili ndefu kupita Sebahire, zenye matundu makubwa kama sufuria za harusi. Alizipigisha muziki. Meno yaliwauma.

"Hizi ni za kuzikia mutu wa siasa," Kahambu alisema. "Tutaziweka wapi? Sisi tulale nje?"

Mukamugema hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama kona moja, ambako bafle mbili za zamani, za mbao, zilikuwa zinatumika kama meza. Juu ya moja palikuwa na termosi ya Buhendwa. Kitambaa cha mbele kilikuwa kimechanika. Zilifika kiunoni tu.

"Na zile?"

"Zile za zamani, Mama. Hazina hata taa."

"Mimi siimbi na taa."

Buhendwa aliondoa termosi, akaziunganisha. Mukamugema akafungua pindo la kitenge, akatoa kifunguo chake, akafumba macho. Wimbo ulianza. Masoprano walikuwepo, mabesi walikuwepo, na katikati, pale palipokuwa shimo, waliingia wanawake watano wakiimba pamoja kama watu waliofungua mlango. Mukamugema alishika mdomo. Ubeti wa pili ulipoanza, sauti moja ya alto iliingia mapema, peke yake, mbele ya wenzake.

"Ni nani huyo?" aliuliza Kahambu.

"Ni mimi," alisema Mukamugema. Akaanza kucheka. "Kila mara tunaporudia ule ubeti kiongozi anawagombeza mabesi kwa kuingia mapema. Nami niko nawagombeza pamoja naye!"

"Basi tuziache, si zinakuaibisha?" alisema Sebahire, mwenye matumaini.

"Zinasema ukweli. Tunachukua hizi."

"Na ng'ombe wangu?"

Hapo Buhendwa alifanya kazi yake vizuri. Alieleza kwamba bafle si tatizo, jambo sasa ni ampli, chombo kinachozipa bafle nguvu ya kulia. Kuna ampli ya njia mbili, inayofaa muziki tu. Kuna ampli ya njia tano: ukiweka muziki inalisha zile mbili za mbele peke yake, na ukiweka filamu inaziamsha za nyuma pia. Alileta mbili za namna hiyo. Moja ilikuwa mpya, inang'aa, na namba ya nguvu kubwa kuliko ile ya sanduku. Nyingine ilikuwa imetumika, nyeusi, imekwaruzwa, na namba yake ndogo mpaka unaona haya kuisoma.

Mkono wa Sebahire uliikimbilia ile mpya. Kahambu akamzuia. Aliinyanyua ile mpya kwa mkono mmoja, akaitikisa. Akajaribu ile nyeusi, ikamlazimu kutumia mikono miwili na magoti.

"Hii," alisema huku anahema. "Maharage mepesi yako na wadudu ndani."

Buhendwa alimgeukia. "Mama," alisema, "mimi wateja wote nawaambia hivyo, hawanisikii. Chuma cha kutengeneza nguvu kina uzito. Namba mutu anaweza kuandika yoyote."

"Sasa juzi mbona hukuniambia?" aliuliza Sebahire.

"Muzee, ulikuwa unatazama taa."

Walipatana. Buhendwa alilipokea sanduku, akawaachia bafle mbili za vikombe kwa ajili ya nyuma, na sabufa ndogo isiyo na taa, ambayo Kahambu aliikubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atakuwepo siku ya kuifunga. Sebahire aliongeza fromaji mbili juu, na Buhendwa akazinusa kabla ya kusema asante.

Kufunga kulikuwa kazi. Bafle za mbele zilisimama vizuri, zile mbili za vikombe zikatundikwa ukutani nyuma ya viti. Lakini sabufa, hata ile ndogo, ikikaa sakafuni tu, nyumba nzima inanguruma. Buhendwa, aliyekuja nao kusaidia kufunga, alipiga goti, akagonga ubao kwa kidole. Ukatoa sauti ya ngoma.

"Nyumba yako yenyewe ni bafle, Muzee. Chini iko tupu."

Sebahire aliufikiria ubao. Akaleta msumeno, akakata sakafu kwenye kona, kipande cha kutosha sinia. Chini yake lilionekana jiwe jeusi, ule uji wa mlima uliopoa zamani. Wakaiweka sabufa juu ya jiwe lenyewe. Kahambu alikwenda kwake kuvitazama vikombe, na makubaliano yakawa hivi: kikombe kikitembea, atagonga ukuta. Sebahire akapandisha kitufe kidogo. Kimya. Kidogo tena. Kimya. Kidogo tena. Ko! Akateremsha. Mukamugema akachukua chaki yake ya kushonea, akapiga alama pale kitufe kiliposimama, na alama hiyo haivukwi, hata siku ya sikukuu.

Walikaa watatu kutazama filamu. Kahambu, aliyekulia Butembo kwenye mashamba ya viazi na hana mazoea na mifugo, alipewa kiti cha katikati. Wachungaji walipanda, mvua ikanyesha, ikasikika kweli inanyesha pande zote za chumba. Halafu ng'ombe akalia nyuma yao.

Kahambu aliruka na kitenge chake mpaka mlangoni. Mukamugema alicheka, akageuka kumtazama mume wake. Sebahire hakuwa ameruka. Alikuwa amegeuka polepole nyuma, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Huyu ana kiu," alisema.

"Umejuaje?" aliuliza Mukamugema.

"Inasikika. Yule wa kwanza alikuwa anaita mutoto. Huyu ana kiu." Akasikiliza tena. "Gaju wangu alikuwa analia hivi. Na Bihogo, lakini Bihogo alikuwa na uongo. Analia kiu, ukimpeleka mtoni hanywi. Anataka kutembea tu."

Tangu vita Mukamugema hakuwa amemsikia akiyataja majina yale. Sebahire aliendelea na mwingine, na mwingine, nani alikuwa mkorofi, nani alikuwa anaogopa ngazi za mawe. Akawakosoa na wale wachungaji wa filamu, kwamba wanatembea mbele ya kundi badala ya nyuma, watu gani hawa. Filamu ikaisha, yeye bado. Kahambu alirudi kutoka mlangoni akakaa, akauliza Bihogo alikuwa rangi gani.

Yote yamekwenda vizuri, ila kiti. Buhendwa alikuwa amewaambia mapema: katika nyumba kama ile kuna mahali pamoja tu ambapo sauti za mbele na za nyuma zinakutana sawasawa, na ndipo kilipo kile kiti cha katikati. Sasa, mgeni akiingia utampa kiti gani? Utampa kizuri. Na wageni hawakosekani. Mama wa kwaya wanakuja kujisikia, na kubishana juu ya ubeti wa pili. Wateja wa fromaji wanaonja huku wanasikiliza. Kahambu anaingia karibu kila jioni, akisema amepita tu, na kukaa katikati.

Kwa hiyo ukienda Mabanga ukauliza kwa Papa Volkano, utamkuta mwenye nyumba kwenye kigoda karibu na mlango, sikio moja limeelekea ukutani, akisikia nusu ya ng'ombe.

"Karibu," atakwambia, akikuonyesha kile kiti. "Kaa pale. Pale njo pazuri."