Zambi Iliyovuka Ruzizi

Zénon aliporudi Bujumbura na shahada ya sheria kutoka Ubelgiji, uhuru ulikuwa haujatimiza miaka miwili, naye aliamini kila uovu una kifungu chake. Aliyemtoa katika imani hiyo ni Mama Waridi, mkimbizi Mkongo, muuza vitenge wa mtaa wa Bwiza, aliyeingia ofisi ya mashtaka alikofanya kazi asubuhi moja ya mwaka 1965 bila hata kubisha hodi.

"Bwana Zuzi, nimemuona!" Alimwita hivyo kama Wakongo wanavyowaita mahakimu. "Ule mutu aliamuru bachome kijiji yetu. Bwana yangu alifia mule. Sasa hivi iko anakunywa chai kwa hoteli ya Twalibu!"

"Una hakika, mama?"

"Mi nilipiga magoti mbele yake. Nitamusahau namna gani?"

Zénon akaita askari wawili. Mkubwa wake akawazuia mlangoni: aliyekufa si Mrundi, anayeshtakiwa si Mrundi, na kijiji chenyewe kiko ng'ambo ya mto Ruzizi, Kongo. "Utamshtaki kwa sheria ipi?" Zénon alipekua vitabu mpaka adhuhuri, asione kitu. Mtu yule akamaliza chai yake, akaenda zake. Baada ya wiki ikasemekana yuko nchi nyingine kabisa.

Kazi ngumu ilikuwa kumweleza Mama Waridi.

"Kwa hiyo mutu akivuka muto, zambi yake inabakia ng'ambo?"

Zénon alifunga kitabu cha sheria; dhambi ile haikuwa na kifungu humo. Aibu ilimpanda kana kwamba yeye ndiye aliyemtorosha. "Nisimulie yote, mama," alisema mwishowe. "Mahakama ya kukupeleka sina. Lakini maneno yako yasipotee."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alikwenda Bwiza kuwasikiliza wakimbizi, na mkewe Léoncie akayapiga chapa maelezo yao. Chuoni, alikofundisha sheria jioni, aliwaambia wanafunzi kwamba kuangamiza raia ni kosa juu ya binadamu wote. Wakubwa wa Ujerumani walihukumiwa kule Nuremberg baada ya Vita Kuu ya Pili; kwa nini pasiwe na mahakama ya kudumu, ya mataifa yote? Wenzake wakambandika jina, Hakimu wa Mawinguni. Mara mbili alirukwa kupandishwa cheo. Kazini alicheka nao. Nyumbani, siku nyingine, aliacha chakula akarudi kwenye maelezo yale.

Mwaka 1970 alialikwa kwenye mkutano wa wanasheria Dar es Salaam. Alipoanza kuieleza mahakama hiyo, jaji mmoja mzee alimkatiza: "Kijana, hakuna serikali itakayokubali kuhukumiwa na wageni."

"Mzee wangu, juzi tu tuliambiwa hakuna serikali itakayokubali tujitawale."

Watu wakacheka, jaji naye akacheka. Kisha Zénon akasoma maelezo ya Mama Waridi, neno kwa neno, na hakuna aliyecheka tena. Kura zilipopigwa, kumi na wanne dhidi ya tisa walikubali kuzishawishi serikali zao zianze kujadili mahakama hiyo. Jaji mzee alikuwa miongoni mwa wale kumi na wanne.

Aliporudi alipitia Bwiza kabla ya kufika kwake.

"Bamemukamata?" Mama Waridi aliuliza.

"Bado, mama, sikudanganyi. Pengine mahakama hiyo sisi hatutaiona."

"Lakini balisikia jina ya bwana yangu?"

"Wote walisikia. Mmoja aliniomba nilirudie, aliandike vizuri."

Mama Waridi alikunja kitenge taratibu, akajifuta macho. Kisha akamwita jirani yake Murhula, mjane ambaye kwa miaka mitano alikataa kumsimulia Zénon lolote.

"Kuja, dada. Huyu banamusikia."

Murhula akasita kidogo, akavuka barabara, akaketi.