Kutangulia Mbele ya Bunduki

Siku hiyo naikumbuka kwa ukungu wake, mwanangu. Mengi ya ujana wangu yamenitoka, hata sura za watu niliokula nao sahani moja zinanipotea, lakini ule ukungu wa asubuhi kule Misungwi, upande wa ziwani, bado nauona nikifumba macho. Ulikuwa mweupe, umelala juu ya mashamba ya mpunga, na sisi watatu tulipita ndani yake kama watu wanaotembea usingizini.

Nianzie nyuma kidogo, maana uzee unapenda kurukaruka. Nilikuwa fundi wa mashine kiwandani hapa Mwanza. Ikaja miaka ile ya soko huria, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, nasi tukapunguzwa kazini. Kila mtu akatafuta pa kujishikiza. Wenzangu waliuza mitumba, wengine wakaenda kwenye minofu ya sangara. Mimi nilipokelewa na Mzee Mabula, fundi wa bunduki pale Igoma, mtu mwenye kibali chake ukutani, aliyezitengenezea watu silaha wanazomiliki kihalali. Nilikuwa na mke, nilikuwa na nguvu, na nilikuwa na kichwa kikubwa. Niliona nimeshushwa hadhi kufanya kazi kwenye kibanda cha mabati.

Mzee Mabula alikuwa na desturi moja iliyonichekesha. Bunduki ikishatengenezwa, siku mwenyewe anapokwenda nayo kazini kwa mara ya kwanza, fundi aliyeishika alimsindikiza, tena kwa kutangulia. Si ubavuni, wala si nyuma. Alitembea mbele ya bunduki mpaka walikokuwa wanakwenda. Nilidhani ni mambo ya wazee tu, nikawa naiga sauti yake kumchekesha mke wangu nyumbani.

Basi akaja Mzee Nkwabi, mlinzi wa mashamba ya mpunga, pamoja na mkewe, Mama Holo. Viboko walikuwa wanapanda kutoka ziwani alfajiri na kukanyaga mpunga, na jirani yao mmoja alikuwa ameshavunjwa mguu. Bunduki ya Mzee Nkwabi ilikuwa ya zamani, ya kijeshi, ndefu na nzito, nasi tulikuwa tunaigeuza iwe ya kuwindia. Mzee Mabula alishaipa kitako kipya cha mbao ya mninga, kizuri mno, ungetamani kukilalia. Kazi ya mwisho akaniachia mimi: kufunga kikingio kipya cha traiga, yaani kifyatulio. Ni kile kipande cha chuma kilichopinda kama mkono wa kikombe, kinachozuia kijiti au nguo isiguse traiga ikafyatuka. Kinashikwa na skrubu mbili, moja mbele na moja nyuma.

Ya mbele iliingia vizuri. Ya nyuma ikakataa. Kikingio chenyewe kilitoka kwenye bunduki nyingine, kwa hiyo tundu lake halikulingana na la kwetu. Dawa yake ilikuwa kukikalisha upya kwa kukisugua na tupa, kidogo kidogo, pengine siku mbili nzima. Lakini wenyewe walikuwa wamekaa pale kwenye benchi wakisubiri, na mimi nilitaka waone mtu wa kiwandani anavyofanya kazi. Nikaikata ile skrubu, nikabaki na kichwa chake tu, nikakibandika kwa gundi juu ya tundu na kukipaka mafuta kidogo. Kiling'aa, mwanangu. Ungekitazama ungeapa kuna skrubu nzima.

Mzee Mabula aliipokea bunduki, akaipapasa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Haya. Utatangulia."

Tulipanda basi mchana huo, bunduki imefungwa kwenye shuka, haina risasi. Tukalala kwao. Kulipopambazuka, Mzee Nkwabi alitia risasi, kwa kuwa viboko walikuwa bado huko juu mashambani, tukashika njia ya kwenda shambani. Hapo ndipo ule ukungu ulipotupokea.

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, imebanwa na ua wa minyaa huku na huku. Unaijua minyaa, vile vijiti vyake laini vinavyojitokeza kila mahali. Nilikuwa mbele, Mzee Nkwabi nyuma yangu, mtutu ukinielekea, Mama Holo mwisho na ndoo ya uji kichwani. Kila kijiti kilichonigusa mkono nilikisikia kikienda nyuma, kikimgusa mzee, kikiigusa bunduki. Niliwaza, kikingio kimeshikwa upande mmoja tu. Kikisukumwa kitabonyea ndani na kuigusa traiga. Mgongo wangu ukawa hauna nguo, hivyo ndivyo nilivyohisi. Na bado sikusema. Niliona bora nife kuliko kuaibika mbele ya wakulima, ndivyo upumbavu wa ujana ulivyo. Nikawa natembea upande upande, kama naukwepa umande.

Mama Holo akacheka. "Fundi wee, mbona unatembea kama bibi harusi? Hebu nipishe, uji unapoa."

Akampita mume wake, akanipita na mimi, akawa mbele. Nikamwona mgongoni, kanga yake ya manjano inafifia ndani ya weupe ule, ndoo imetulia kichwani bila mkono, naye anaimba kidogo kidogo kwa Kisukuma. Hakuwa na habari. Alikuwa anatembea mbele ya kazi yangu akiiamini, kwa sababu mimi nilisema nimemaliza.

Kwa ajili yangu mwenyewe ningenyamaza mpaka mwisho. Kwa ajili yake nilishindwa.

"Mama, simama!" nilipiga kelele. "Mzee, inua mtutu juu, toa risasi. Ile skrubu ya nyuma haipo. Nimebandika kichwa tu."

Mzee Nkwabi akainua mtutu, akatoa risasi moja baada ya nyingine. Kisha akakigusa kikingio kwa kidole. Kikazunguka chote, na kichwa cha skrubu kikadondoka kwenye majani. Mama Holo aliitua ndoo. Alinitazama, hakunitukana, na mpaka leo natamani angenitukana.

Niliporudi Igoma na ile bunduki nilimweleza Mzee Mabula yote. Nilitegemea atanifukuza. Akaniambia, "Macho yangu yamechoka, siku hizi skrubu nazipapasa tu. Ndiyo maana fundi anatangulia." Halafu akauliza, "Ulitembea umbali gani kabla hujasema?"

"Karibu njia yote, mzee."

"Njia yote hiyo ulikuwa unamdanganya nani?"

Nilikaa kwenye jiriwa, ile ya kubania chuma, siku tatu, si mbili, mpaka skrubu zote zikaingia na kukaza. Tukaenda tena. Ukungu ulikuwa ule ule, minyaa ile ile, Mzee Nkwabi nyuma yangu na risasi zake. Safari hii nilisikia ndege. Walikuwa wengi sana pale, na mara ya kwanza sikumsikia hata mmoja.

Mwanangu, mimi bunduki niliziacha zamani, na wewe huenda usishike hata bisibisi. Lakini utajenga nyumba za watu, utaandika dawa za watu, au utamwambia mtu, "Nakupenda, twende." Kabla hujasema umemaliza, jiulize kama unaweza kutangulia mbele ya kazi hiyo. Ukiona mgongo unakusisimka, sema hapo hapo, hata kama wanakutazama. Usingoje mwingine apite mbele yako akiimba.

Mungu aibariki mikono yako. Akuepushe na haraka, akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Na kila asubuhi utakayotangulia, akujalie kusikia ndege.