Kaa, Paa

Tangu kiharusi kimwangushe, mama yake fundi cherehani alibakiwa na neno moja tu: "Kaa." Akitaka maji, kaa. Jua la dirishani likimchoma, kaa. Mwanamke aliyekuwa na mdomo wa kunyamazisha soko zima, sasa alitamka neno moja, na mengine yote fundi, bintiye, akisie mwenyewe.

Binti alijitahidi. Alimletea kaa la jikoni, pengine ndilo analolitaka. Mama akageuza uso. Akamchorea kaa wa baharini, magando na yote, kwenye karatasi ya kukatia vitambaa. Mama akamtazama kama vile aliyeugua ni yeye. Basi ikabaki maana ya tatu, ile aliyoipenda kaka yake kupita zote. Kaka, karani wa bohari aliyekuja kuwasalimu siku za mapumziko na kuaga kabla chai haijapoa, alisema mambo yako wazi: mama anamtaka binti akae.

Naye akakaa. Cherehani ilihamishiwa chumbani kwa mama, ikabanwa kati ya kitanda na dirisha, hata akitaka kusimama ilimbidi asukume kiti mpaka kigonge kabati. Sare za shule ziliingia na kutoka. Zenyewe angalau zilitoka.

Kilichompa pumzi ni redio. Kila alasiri mtangazaji alitoa neno, wasikilizaji walibadilishe herufi moja, tena na tena, kisha watunge kisa kifupi kwa maneno waliyoyapata. Fundi alicheza huku akikanyaga pedali. Siku lilipotoka neno "kaa" alicheka peke yake mpaka uzi ukakatika. Kaa, taa, saa, vaa, paa. Akatunga kisa cha mwanamke mwenye saa iliyosimama, aliyekaa chini ya taa akishona gauni, na lilipokwisha akalivaa, akapaa. Alikituma kwa simu, kwa sauti ya chini, mama asisikie.

Kisa kilisomwa hewani. Baadaye mtangazaji mwenyewe akapiga simu: kuna mafunzo ya uandishi, wiki nzima, chakula na malazi juu yao. Afike tu.

Kumbe kufika ndiyo kazi. Alimwomba kaka aje amwangalie mama wiki hiyo. Kaka hakukataa; hakuwa mtu wa kukataa.

"Mdogo wangu," alisema kwa upole, "mama mwenyewe anakwambia kaa. Mimi ni nani nimpinge? Siku akisema neno jingine, nitakuja na godoro langu."

Fundi akaishika hiyo kama ahadi. Muuguzi alikuwa ameshamshauri amfundishe mgonjwa maneno, kwa hiyo mchezo wa redio ukahamia kitandani. Alimshika mama kidevu, akafumba midomo yake mwenyewe ili aone, akamwomba aseme paa. Mama akajibu kaa. Wakavutana hivyo siku nenda siku rudi. Mara nyingine alitoka uani kulia, akarudi akitabasamu, maana aliona haya kumchukia mgonjwa. Na alimchukia kweli, kwa dakika chache, akampenda muda wote uliobaki.

Siku ya mwisho kabla ya mafunzo mvua ilinyesha mchana kutwa. Alikuwa akishona kola aliposikia, nyuma ya kelele za cherehani:

"Paa."

Mguu uliganda kwenye pedali. Mama alikuwa amelala chali, macho juu. Akafumba midomo kwa bidii, akarudia, safi kabisa: "Paa."

Fundi alimbusu mikono huku machozi yakimtoka. Moyoni alikwisha kufunga mzigo. Akampigia kaka.

"Mama amesema neno jingine. Amesema paa. Ananiambia nipae, kaka, niende. Lete godoro."

Kaka akauliza, bila ubaya wowote, "Huko mvua inanyesha?"

Fundi akainua macho. Tone lilikuwa limening'inia kwenye bati, juu ya kitanda. Likaanguka karibu na sikio la mama. Mto ulikuwa umelowa chapachapa.

Aliibana simu begani, akasukuma kiti kikagonga kabati, akavuta kitanda mpaka kikagusa cherehani, akakinga beseni. Mama akashusha pumzi.

"Kaa," alisema, akampapasa kwa mkono wake mzima.

Kiti hakikuwa tena na pa kurudi. Fundi akakaa kitandani.

"Upo?" kaka akauliza kwenye simu.

"Nipo."