Dakika Mbili za Kumsema Mama

Kabla sijaenda kwenye kongamano la waandishi wa filamu, nilimpigia simu binamu yangu aliyewahi kuhudhuria. Alinipa mawaidha kama mtu anayempeleka mtoto shule ya bweni: usijaze mdomo chakula wakati wakubwa wanapita, usikae na unaowajua, na hadithi yako uiseme kwa dakika mbili, isizidi. Sikumjua mtu hata mmoja, kwa hivyo hilo la pili halikunisumbua.

Kongamano lilikuwa la siku mbili, katika hoteli moja ya mtaa wa Milimani. Kutoka mtaani kwetu Rhonda si mbali, lakini nilifika nimelowa jasho ndani ya koti la kuazima ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Nilikuwa na skripti moja, ya kuchekesha, kuhusu harusi iliyonyeshewa mvua huko Lanet. Niliiandika miaka miwili na niliipenda sana. Siku ya kwanza sikufungua mdomo ila kwa chai na maandazi. Jioni mama aliniuliza, "Uliongea?" Nikamwambia nitaongea kesho. Nilijichukia.

Kesho yake sisi wageni tuliwekwa kwenye meza, watu wanane, mbele ya mtayarishaji wa filamu kutoka Nairobi, mwanamke wa makamo mwenye miwani mikubwa. Zamu yangu ilipofika nikajikaza, nikaisimulia harusi yangu. Hakuna aliyecheka.

"Iko sawa," mtayarishaji akasema. "Lakini hiyo nimeisikia mara mingi. Uko na ingine?"

Ningesema sina. Ulimi ukanitangulia.

Niliwaambia kuhusu vurugu za baada ya uchaguzi, nikiwa na miaka sita. Vijana walikuwa wametangaza mtaani kwamba nyumba itakayomficha mtu wa kabila lile lingine itachomwa pamoja na wenyewe. Jioni moja jirani yetu, mwanamke wa kabila hilo, rafiki ya mama, alikuja kubisha akiwa na mtoto mgongoni. Mama alisimama nyuma ya mlango, hakufungua. Jirani akamwita kwa jina, akamwita tena, kisha akanyamaza. Hatukumwona tena, na mpaka leo hatujui kama alipona. Mama alinisimulia jambo hilo mara moja tu, nikiwa kidato cha tatu, akaniomba nisimwambie mtu.

Mtayarishaji akavua miwani.

"Hii sasa ndiyo story," akasema. "Mama yako yuko hai?"

Nikasema yuko. Akatoa karatasi kwenye mkoba. Mama angetia sahihi kwamba ameruhusu maisha yake yatengenezewe filamu. Bila hiyo, alisema, hangeweza kuigusa. Sitadanganya, nilifurahi. Wakati wa chakula watu waliokuwa hawanioni walinifuata na sahani zao kuomba nambari yangu, nami nikawapa nikitabasamu kama bibi harusi. Ni nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo aibu ilinishika, ikanishika sawasawa.

Siku tatu nilikaa na ile karatasi. Niliosha vyombo visivyo na uchafu, nikafua hata mapazia. Jumamosi mchana nilimkuta mama ameketi kwenye ngazi ya mlango akichambua mboga za managu. Nikaketi kando yake, nikamwambia yote. Nilitegemea anifukuze. Hakuacha kuchambua.

"Uliwaambia watu wangapi?"

"Saba, mama. Na yule wa filamu."

"Kulikuwa na mtu wa huku kwetu?"

"Sijui."

Wateja wake wa mboga ni watu wa mtaa huu huu. Wengine walikuwepo siku zile, na hakuna anayejua nani aliona nini. Akatupa shina moja kando.

"Soma vile umeandika."

Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja. Nikausoma. Nilipofika pale ambapo mama amesimama tu nyuma ya mlango, akaniambia ningoje.

"Mimi sikuwa nimesimama tu," akasema. "Nilikuwa nimeshafungua bolti ya mlango. Wewe ndio ulinishika leso ukapiga nduru. Ukisema, mama usifungue, mama watatuua. Na hao vijana walikuwa hapo tu kwa kona. Nikakufunika mdomo na mkono moja, na huu mwingine nikarudisha bolti."

Nilitafuta siku hiyo kichwani mwangu. Nilimwona jirani, nilisikia akibisha. Mimi mwenyewe sikujiona popote.

"Mbona uliponisimulia hukuniambia hilo?"

"Siku hiyo ulikuwa na miaka sita. Ningekwambia ya nini?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemhukumu kimyakimya, hata nikimwonea huruma nilimhukumu, kisha nikaenda kumsema Milimani mbele ya watu nisiowajua. Nikaanza kuikunja ile karatasi. Mama akafuta vidole kwenye leso, akanyoosha mkono.

"Lete kalamu."

"Mama, wacha tu. Si lazima."

"Lete. Lakini hiyo ya bolti na nduru usiandike. Wacha ibaki vile uliwaambia. Watu wakisema, waseme mimi, si wewe."

Akaiweka karatasi juu ya goti, akatia sahihi, herufi moja moja.