Ng'ombe wa Toleo la Kwanza

Kanuni ile niliiandika mimi. Nakiri mapema, nisije nikaonekana nasimulia makosa ya watu wengine. Niliiandika kwa kalamu nyekundu, ileile ninayosahihishia madaftari, nikiwa na hasira, na ilikuwa na maneno sita tu: kadi iliyo mezani kwako ni yako.

Mchezo wenyewe haukuwa wangu. Uliwazwa na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya shule na mashine ya kuchapa hapa mtaa wa Kambarage. Familia yake ilifika Shinyanga kabla babu yangu hajafika, na Kisukuma anakisema vizuri kuliko mimi, jambo ambalo hachoki kunikumbusha. Anachapa kadi na kuziuza kwa pakiti ndogo zilizofungwa. Hujui umepata nini mpaka ufungue, na usichokitaka unabadilishana na wenzako. Kuna kadi za wanyama, za watu, za mvua, za maji. Kila mzunguko ni lazima uwanyweshe wanyama walio mezani kwako, wakubwa kwanza; wadogo unaweza kuwaacha wafe, lakini ukiishiwa maji umefungwa. Tunacheza Jumapili baada ya ibada, kwenye baraza la nyuma ya duka: walimu, makarani, muuguzi mmoja, na yeyote mwenye kadi zake. Mwamuzi ni mimi, kwa sababu nina sauti ya darasani na sipendi kubishiwa.

Fahari ya toleo la kwanza ilikuwa ng'ombe. Kwetu mtu mwenye mifugo mingi haiweki yote katika zizi moja. Anawagawia ndugu na marafiki wamchungie. Anayechunga anakunywa maziwa, ndama wanabaki wa mwenyewe. Mwenye duka aliyasikia hayo tangu utotoni kwa wateja wa baba yake, akayachapa kwenye kadi kama yalivyo: mpe mwenzako akuchungie, yeye anywe maziwa, wewe upate ndama. Maziwa yalimpa mchungaji nafasi ya kuvuta kadi ya ziada kila mzunguko, na ndama walikuwa alama za mwenye ng'ombe. Wote wawili walifaidi. Sijaona mchezo mwingine ambao unaanza kwa kumnufaisha unayeshindana naye.

Hakuna aliyewapenda ng'ombe hao kama mchimbaji mmoja wa Bugarama. Alikuwa mtu mzima, mguu wake mmoja mzito tangu kifusi kilipomwangukia kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, na mchezo alijifunza alipokuwa amelala hospitali, kwa huyuhuyu muuguzi wetu. Kadi zake alizitunza ndani ya mfuko wa chumvi. Zilikuwa zimeshika rangi ya udongo mwekundu, pembe zake zimelainika, na zote zilikuwa za toleo la kwanza. Tulimtania kwamba anacheza na masalia. Matoleo mapya aliyatazama, akayasifu, akarudisha. Ng'ombe wake hakuwabadilisha na mtu.

Alilelewa na mjomba wake, ndugu wa mama. Mjomba huyo alichunga ng'ombe wa watu maisha yake yote na hakuwahi kuwa na hata mmoja wake mwenyewe. Mchimbaji alikuwa akisema kwamba amekua kwa maziwa ya ng'ombe wasiokuwa wao, na hakuna aliyewahi kuwasimanga.

Toleo la tatu lilipotoka, baraza lilijaa wageni. Wengi walikuwa wa mjini kama mimi, hawajawahi kuchunga hata mbuzi, na kila Jumapili kulikuwa na ugomvi: ndama huyu wa nani, kwa nini yuko kwako na si wako. Siku moja makarani wawili walibishana mpaka chai ikapoa, nikachukua kalamu nyekundu. Kadi iliyo mezani kwako ni yako. Kwamba mchezo ukiisha kila mtu anakusanya zake, hilo lilieleweka bila kuandikwa. Mwenye duka aliisoma, akauliza kama nimewafikiria ng'ombe wa zamani. Nikamwambia nimewafikiria. Sikuwa nimewafikiria.

Ng'ombe wa toleo la tatu walichapwa na maziwa yao wenyewe, kwa hiyo hawakudhurika. Wale wa kwanza hawakuwa na maziwa ila kwa kuchungiwa. Sasa kwa kuwa hapakuwa tena na ng'ombe wa mwenzako, maziwa yalikauka na ndama hawakuzaliwa. Kila ng'ombe wa mchimbaji alibaki picha tu, mwenye kiu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tunashindania kitu kikubwa. Mshindi angetaja kadi moja anayoitaka, na mwenye duka angeichora na kuichapa katika toleo la nne. Kila mtu alijua mchimbaji angetaja nini. Alitaka mjomba wake, amesimama na fimbo, na chini yake iandikwe mchungaji. Alishatueleza mpaka kofia yake ilivyokuwa.

Alipofika nikampa shikamoo, akaitikia, nikamkabidhi karatasi ya kanuni huku nikitazama pembeni. Niliona aibu, ndiyo, lakini aibu yangu hutoka ikiwa imevaa ukali, nikamwambia kanuni ni kwa wote. Akaisoma mara mbili, midomo ikicheza. Akauliza swali moja tu: anayenywesha ni nani? Nikamjibu, ni yule ambaye ng'ombe yuko mezani kwake. Akasema wabeja, asante ya Kisukuma, akakaa.

Bahati ikatukutanisha yeye na mimi katika nusu fainali. Zamu yake ya kwanza akanipa ng'ombe. Watu wakacheka, muuguzi akasema mzee amekuja kutoa mahari. Zamu ya pili akanipa mwingine, nikampokea kwa kejeli, nikamshukuru. Alipotoa wa tatu nikaanza kuhesabu maji yangu. Alipotoa wa nne nilikuwa nimewaacha mbuzi wangu wafe ili niwanyweshe ng'ombe wake, ambao sasa walikuwa wangu na hawakunipa hata tone. Yeye alikuwa amekaa na meza tupu, maji yake yote mkononi, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani.

Wa tano nikamkataa. Nikasema simtaki. Mwenye duka akachukua karatasi za kanuni, za toleo la kwanza mpaka la tatu, akazisoma zote, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Hatukuwa tumeandika mahali popote kwamba mtu anaweza kukataa ng'ombe. Haikutupitia akilini. Nani Shinyanga angekataa ng'ombe?

Nikafungwa mzunguko uliofuata. Nilitamani kumrushia kadi, na papo hapo nilitamani kumpigia makofi. Kwa kusoma karatasi mara mbili tu aliona shimo ambalo mimi niliyelichimba sikuliona. Akachukua kadi nilizozidharau, ambazo kanuni yangu ilikuwa imeziua, akanifunga nazo. Wengine walimpigia makofi kweli. Kwa ng'ombe hao na kanuni hiyo hakuna ambaye angemweza, na ilikuwa imebaki fainali tu, dhidi ya muuguzi.

Mchimbaji hakucheka. Alibaki ameangalia upande wangu wa meza, wale ng'ombe watano wamelala na mbuzi wangu waliokufa.

"Mwalimu, nimeshinda," akasema. "Lakini tangu nizaliwe sijampa mtu ng'ombe ili wamuue."

Akaomba fainali ichezwe kwa maana ya zamani: ng'ombe wa toleo la kwanza wasomwe kama walivyochapwa, maziwa ya mchungaji, ndama wa mwenye ng'ombe. Nikamwambia atashindwa. Sikuficha. Muuguzi alikuwa na kadi za toleo la tatu, mvua tupu, na akiongezewa maziwa hashikiki. Nikamkumbusha kadi ya mjomba. Akanijibu kwa upole kwamba mjomba hawezi kuingia kwenye mchezo kwa mlango huo.

Nilimheshimu mtu yule. Muuguzi akakubali kabla sijamuuliza. Nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikaandika chini ya kanuni yangu kwamba ng'ombe wa toleo la kwanza, popote walipo, ni wa aliyewatoa, na anayewachunga anywe maziwa.

Akafungwa. Alicheza vizuri, akampa muuguzi ng'ombe wanne wengine aliobaki nao, ndama wakaanza kuhesabika upande wake, lakini muuguzi alikunywa maziwa, akavuta mvua juu ya mvua, akammaliza. Mshindi akataja kadi yake: mama wa Nkome, kule ziwani, anayeanika dagaa, kwa sababu ndiye aliyemsomesha. Mwenye duka akaandika. Hakuna aliyependekeza afanye vinginevyo, na mchimbaji alikuwa wa kwanza kumpa mkono muuguzi.

Akaanza kukusanya kadi zake na kuzirudisha kwenye mfuko wa chumvi. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba wale ng'ombe wake watano walikuwa bado kwangu. Kwa hasira ya kufungwa nilikuwa nimezizoa kadi zote pamoja na zangu, nikazitia kwenye pochi. Nikazitoa. Halafu nikafungua sanduku la mchezo, nikachukua kadi ndogo za ndama, nikaweka mmoja juu ya kila ng'ombe, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Alimchukua mmoja mmoja, akamgeuza huku na huku kama anavyofanya mtu mnadani, akamtazama pembe, akamtazama mgongo, akahamia kwa ndama. Alichukua muda wake, na sisi wote tukangoja.

"Wamenenepa," akasema.