Mtoto wa Ishirini wa Lalit

Kila mwaka kitivo cha udaktari kule Nairobi kilituma wanafunzi kwenye hospitali moja ya misheni karibu na Bungoma, wajifunze kuzalisha. Wote, awe mtoto wa waziri au wa mlinzi, walipita mikononi mwa Sista Nakhungu, mkunga mkuu wa pale. Sheria ilikuwa moja: huingii mwaka wa mwisho bila watoto ishirini kitabuni mwako, na sahihi ya sista chini yake. Maprofesa wa kitivo kile waligombania kila kitu, hata rangi ya makoti, lakini hesabu ya Nakhungu hakuna aliyeigusa. Naye alilijua hilo, na lilimvimbisha kichwa kidogo, tusifichane.

Mwaka wa 1986 akaja Lalit, mtoto wa mzee Madanlal, mwenye duka la vitambaa Kitale. Kijana mpole, mikono mizuri. Muda wake ulipoisha, Nakhungu akamwandikia kumi na tisa. Lalit hakubishana. Nani alibishana na Nakhungu? Lakini baba yake alifunga duka, jambo ambalo hakulizoea, akaja mwenyewe Bungoma.

"Sista, mimi moyo yangu ni mgonjwa. Nataka kuona huyu kijana akimaliza. Ongeza moja tu, mama."

"Mzee, kumi na tisa ni kumi na tisa."

Lalit akarudia mwaka. Madanlal alifariki miezi mitatu kabla ya mwanawe kuvaa joho. Nakhungu alituma pole, akaendelea na kazi.

Basi mwaka wa 1992, amebakisha miezi miwili astaafu, mwanafunzi aitwaye Chepkemei akamjia na kitabu.

"Sista, si nilizalisha mapacha? Mbona umeandika moja?"

"Mapacha ni uzazi mmoja."

Ndivyo mama yake, mkunga wa kijiji, alivyomfundisha: mapacha hawatenganishwi hata kwa kuhesabu, la sivyo mmoja ataenda zake. Chepkemei akamwonyesha karatasi ya kitivo nyuma ya mlango, imegeuka manjano. Kila mtoto ahesabiwe peke yake, ilisema, mstari wa mwisho kabisa. Nakhungu aliibandika mwenyewe mwaka wa 1974 na hakuwahi kufika mstari huo. Yeye, aliyewasuta wanafunzi miaka yote kwa uvivu wa kusoma!

Akazikumbuka kumi na tisa za Lalit, akafungua rejista ya 1986. Lalit, Agosti, mapacha. Kumi na tisa na moja, ishirini.

Angenyamaza, na nani angejua? Jumamosi alikwenda Kitale, kwenye kliniki ya Daktari Lalit, akamweleza yote akiwa amesimama.

"Najua, Sista," Lalit alisema. "Niliiambia bodi ya kitivo kwamba walikuwa mapacha. Mkuu akasema kitabu chako hakijawahi kukosea. Wakapiga kura, ikaisha."

Nakhungu alilia, wagonjwa wakimtazama mlangoni. Aliona aibu, na yule mzee akamjia akilini. Lalit akangoja anyamaze, kisha akatoa kitabu chake cha zamani kwenye droo.

"Baba alikuwa anakitazama sana," akasema.

Nakhungu akakata kumi na tisa, akaandika ishirini, akatia sahihi. Ikabaki tarehe. Mkono ulitamani kuandika 1986, lakini tarehe ya uongo hakuwahi kuiandika maishani. Akaandika ya siku ile.