Namba Husomwa na Wawili

Siku ya kwanza kazini, mwaka wa themanini na tano, nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na kiburi cha mtu aliyekwisha kutengeneza redio za nusu ya watu wa Michenzani. Fundi Mkuu akanikabidhi chipu moja nyeusi, yenye miguu ya chuma ubavuni kama tandu, na juu yake kidirisha cha kioo kilichozibwa kwa kikaratasi. Nikataka kuona ndani kuna nini. Nikaanza kukibandua.

"Hebu, hebu!" akasema, akanishika mkono. "Unataka kuifuta akili pampu ya watu?"

Karakana yetu ilikuwa ndani ya jumba la zamani Mji Mkongwe, lenye kuta nene na baridi ya kupendeza, na kazi yetu ilikuwa kuziangalia pampu za maji za Unguja. Ofisi yenyewe sitaitaja. Kila pampu ilikuwa na sanduku la chuma, na ndani ya sanduku mna kompyuta ndogo isiyo na kioo wala vitufe, inayoamua pampu ianze saa ngapi na ipumzike saa ngapi. Maagizo yake, yaani programu, yalikaa ndani ya ile chipu. Ukitaka kuyabadilisha, unaiweka chini ya taa maalumu inayofuta kila kitu kupitia kile kidirisha, kisha unayaandika upya. Jua nalo lingeweza kufuta, likipewa siku zake. Ndiyo maana ya kikaratasi.

Huyo Fundi Mkuu tukimwita Maalim Nassor, kwa kuwa jioni akisomesha chuo cha Kurani mtaani kwao Malindi, na mchana akitusomesha sisi kwa mtindo uleule. Kila kitu tukikariri. Chipu mpya hulazwa kwenye sponji jeusi, isipigwe na umeme wa mkononi. Sponji huingia katika bahasha, bahasha hupigwa lakiri, na juu yake huandikwa jina la kituo na namba ya uhakiki. Namba hiyo ilipatikana kwa kujumlisha maagizo yote yaliyomo. Likibadilika agizo moja tu njiani, jumla nayo hubadilika, na mwizi au kosa hujulikana.

Kisha ndiyo kanuni yake kubwa. Namba husomwa na wawili. Mmoja anasoma kwenye mashine kwa sauti, tarakimu moja moja, mwengine anafuata kwenye daftari na kujibu. Halafu wote wawili wanatia saini. Mara ya kwanza nilicheka.

"Maalim, kwani hatuaminiani?"

"Tunaaminiana sana. Ndo maana tunasoma. Usiyemwamini humsomei, unamfukuza."

Chipu ya zamani nayo hatukuondoka nayo. Iliachwa ndani ya sanduku siku tatu, ili mpya ikifanya ukaidi, ya zamani irudishwe. "Mgeni akija," akisema, "mwenyeji hatolewi nje siku hiyohiyo." Nilizunguka naye miaka mingi tukiwa na bahasha zetu, Kizimbani, Makunduchi, Nungwi. Kila namba iliyosomwa mbele yake ilibaki kichwani mwake. Ungemtajia tarakimu nne za mwanzo, akakwambia kituo na mwaka. Sisi tukimtania kuwa hata namba za viatu vya mkewe anazihakiki, na yeye akijibu kwamba viatu huhakikiwa na mwenye miguu.

Ilipoingia miaka ya elfu mbili, akaja Mhandisi Mkuu mpya, mtu wa haraka, asiyependa kuona gari likienda Nungwi kupeleka bahasha. Akafunga redio za mawasiliano vituoni. Sasa programu ilitoka karakana ikiwa imefungwa pamoja kama kifurushi, ikaruka hewani, na sanduku likajivisha lenyewe. Lakiri yetu ikawa saini ya kielektroniki. Kompyuta hupiga muhuri wa hesabu kwa ufunguo wa siri tulioufungia kabatini, na sanduku hukataa kifurushi chochote kisicho na muhuri huo. Nikaambiwa mimi ndiye mshika ufunguo. Nilijiona mkubwa, sitasema uongo.

"Kanuni ya kusoma wawili iendelee," alisema Mhandisi Mkuu siku ya kwanza, "lakini msinicheleweshe."

Maalim alikuwa karibu na kustaafu, na macho yake yalikuwa yakienda. Sote tulijua. Alisogeza karatasi mpaka puani, alimimina chai nje ya kikombe, na hapana hata mmoja aliyesema neno. Mtu amekufundisha kazi, humwambii macho yako mabovu. Kwetu huko ni kumvua mtu nguo.

Wiki moja kabla ya Ramadhani, ikabidi kituo cha Nungwi kipelekewe programu mpya. Maalim akaiandaa mwenyewe, akaja mezani kwangu na disketi mkononi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Ya Nungwi hii. Nshaitazama, lakini nakuletea tusome."

Nikaitia kwenye kompyuta. Namba ikatokea. Daftari lilikuwa mbele yake yeye, na nilimwona akiliinamia, akitafuta mstari kwa kidole, kidole kikipanda na kushuka. Walikuwapo mafundi wengine wawili chumbani. Nikaona nikianza kusoma kwa sauti, atashindwa kunijibu, na kila mtu atasikia. Nikamwonea muhali.

"Haina haja, Maalim," nikasema. "Ukishatazama wewe, nani wa kukusahihisha?"

Nilidhani nimemheshimu. Akatia saini pale nilipomwonyesha, nami nikatia yangu, nikafungua kabati, nikapiga muhuri na kukituma kifurushi.

Kilikuwa kifurushi cha Kizimbani. Alichukua disketi siyo. Sanduku la Nungwi lilitazama muhuri, likauona ni wa kwetu, likakipokea. Saini husema nani katuma. Haisemi kama alichotuma ndicho. Baadaye tuliandika jina la kituo ndani ya kila kifurushi, sanduku likatae kisicho chake, lakini hiyo ilikuwa akili ya baada ya hasara.

Kizimbani kisima chake kina maji mengi, na pampu yake hupiga kutwa. Nungwi ni jiwe tupu na bahari imelizunguka. Maji matamu ya kisima kile yalikuwa tabaka jembamba lililokaa juu ya maji ya chumvi, na pampu iliruhusiwa saa chache tu kwa siku, kisha ipumzike. Sasa ikapiga kutwa. Na unajua nini kilitokea? Tulishukuriwa. Mlinzi wa pampu, Mzee Vuai, alipiga simu akicheka.

"Bi Salma, Mungu akuwekeni! Maji hayakatiki! Wanawake hawapangi tena foleni!"

Nilizipokea dua zile. Naona haya mpaka leo nikikumbuka nilivyozipokea.

Mwezi ulipoandama, akapiga tena. Mara hii hakucheka.

"Bi Salma, tumefuturu chai ya chumvi."

Niliiona namba kwenye kompyuta, siyo ile ya daftarini, kabla hajamaliza kusema. Programu ya zamani ilikuwamo bado ndani ya sanduku, kwa kanuni ileile ya Maalim ila bila kikomo cha siku tatu, na niliirudisha kwa dakika chache. Kisima hakikurudi. Tuliipumzisha pampu mwezi, tukaipumzisha mwaka, na maji yakatoka yaleyale ya kuoshea samaki. Watu wa mtaa ule wakarudi kubeba ndoo kutoka mbali, na nilipokwenda kuwaomba radhi, hapana aliyenitukana. Bibi mmoja alinikaribisha maji, akakumbuka ni ya chumvi, akaniomba radhi yeye.

Mhandisi Mkuu alituita ofisini.

"Saini mbili hizi. Nani alisoma na nani alifuata?"

Nilifungua mdomo. Maalim akanitangulia.

"Kosa langu. Mimi nlimletea siyo. Huyu alitia saini kwa kunitii."

Sikumkanusha. Niliogopa, na nikajiambia kumkanusha mtu mzima mbele ya mkubwa wake ni utovu wa adabu. Tazama jinsi adabu ilivyonifaa siku ile! Taarifa ikaandikwa, namba ikiwemo, na Maalim akaondoka kabla ya muda wake, bila chai ya kuagwa wala hotuba. Mimi nikapewa karakana. Nilikaa kwenye kiti chake miaka mitano na sikukizoea, kisha nikastaafu kwa hiari.

Nyinyi mnaoshika kazi hii sasa mna funguo ndefu na mashine zinazohakiki zenyewe. Ni vizuri. Lakini siku moja atakuja mezani mtu unayempenda na kumheshimu, na utaona kumkagua ni kumdhalilisha. Mkague. Heshima ya kumpitisha mtu bila kumtazama hulipwa na wasiokuwamo chumbani.

Nilikwenda kwake Malindi baada ya kustaafu. Nilikawia mno, najua. Alikuwa haoni kabisa. Alinijua kwa hatua zangu ngazini. Nikalia, nikamwambia yote, kwamba nilimwonea muhali.

"Nlijua," akasema. "Kwani unafikiri nlikuletea kwa nini? Macho nliyajua. Nikasema, Salma atanisomea kwa sauti, haya yangu nitaivumilia. Nlikuja nisomewe, mwanangu."

Kisha akauliza, "Ilikuwa namba gani? Waliiandika ile karatasi yao, hakuna aliyenisomea."

Nilikuwa naijua kwa moyo. Nikaanza kuitamka, tarakimu moja moja, kama alivyonifundisha. Hata nusu sikufika.

"Hiyo ya Kizimbani," akasema.